Damu ya Wanjala na Mashavu ya Kituku

Wanjala hajui kunyima. Watu wakisikia hivyo husema ni sifa njema, lakini wanaosema hivyo hawajapata kuishi naye ukuta kwa ukuta kama mimi. Nimemwona akienda shambani na kisu butu kwa sababu kile kikali kimeazimwa na mtu mwenye kisu chake nyumbani. Nimemwona akikata mkonge akiwa na kandambili miguuni, katikati ya miba inayotoboa ngozi ya ng'ombe, kwa sababu gambuti zake amezivaa jamaa mmoja wa kambi ya juu aliyesema miguu yake haipatani na umande. Ukimuuliza, anacheka. "Sasa ningemwambia nini?" anasema, kana kwamba neno hapana halijafikishwa upande wetu.

Alitoka Bungoma akiwa kijana, akimfuata mjomba wake aliyekuwa kibarua wa reli hapa Voi. Mjomba alikuwa amemwahidi kazi. Alipofika akakuta mjomba mwenyewe amepunguzwa kazini na anafunga mizigo kurudi nyumbani. Wanjala akamsaidia kuibeba mpaka stesheni, akabaki. Akaingia katika shamba la mkonge nje ya mji kwa muda tu, na huo muda tu haujaisha hadi leo. Alikuwa mtu wa kifua kipana, na mafungu yake ya majani yalisimama wima barabarani kama yamepangwa na fundi mwashi. Hapa kambini ndipo alipomwoa Nanzala, ambaye alikuwa amekuja kumtembelea binamu yake.

Nanzala ni mtu wa namna nyingine. Ana kibanda cha mboga karibu na lango la kambi, na mteja akibonyeza nyanya zake bila kununua anaambiwa apeleke vidole vyake kwingine. Nadhani Mungu huwapanga watu hivyo makusudi, mmoja wa kutoa na mwingine wa kufunga mlango. Wana binti mmoja, Nekesa, anayesoma shule ya bweni huko Wundanyi.

Ugonjwa ulianza kwa kikohozi, na sote tukasema ni vumbi. Kwenye mkonge kila kikohozi ni vumbi mpaka mtu azikwe. Wanjala akakohoa, akakonda, akawa analowa jasho usiku mpaka godoro likaanikwa nje kila asubuhi, na kila aliyepita akatoa ushauri wake naye akaushukuru. Mmoja alisema maziwa ya mbuzi, mwingine alisema aache maziwa kabisa. Tezi zilipoanza kumtoka shingoni, Nanzala alifunga kibanda, akamshika mkono mumewe kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa, wakaenda kwenye kliniki ya kifua mjini. Makohozi yalionyesha TB. Damu ilionyesha virusi vya ukimwi. Nanzala naye akapimwa siku hiyo hiyo, akakutwa navyo, ingawa yeye alikuwa mzima na hakuwa hata na mafua.

Habari ya TB kambi yote iliijua, kwa sababu wahudumu wa afya walikuja kuwapima majirani. Ile nyingine tuliijua watu watatu: yeye, mkewe na mimi. Kliniki ilitaka mgonjwa awe na mtu wa kumsaidia na dawa, na Wanjala akanichagua. Nilipomuuliza kwa nini mimi, alisema kwa sababu sina maneno mengi. Ni kweli sina.

Daktari wao alikuwa mama mmoja mdogo wa umbo, daktari Auma, anayezungumza haraka huku akiandika. Alisema TB itangulie kutibiwa, zile dawa za virusi zifuate baada ya majuma machache. Nanzala alizianza zake zikampita bila neno. Wanjala naye mwanzoni alikwenda vizuri. Kikohozi kilipungua, akarudisha nguvu ya kuchota maji. Halafu akaanza dawa za virusi, na kabla hata hatujazizoea, homa ikarudi mbaya kuliko ya kwanza. Tezi za shingo zikafura upande mmoja mpaka kichwa kikaegemea upande wa pili, ukimwona unadhani anasikiliza kitu kilichokaa begani.

Hapo ndipo simu za Bungoma zilipoanza. Kaka yake alisema dawa za aina mbili zinapigana tumboni, aache moja. Shangazi alisema aache zote apelekwe nyumbani akaombewe. Binamu fulani, ambaye kazi yake ni kuuza vipuri vya baiskeli, alisema TB hutibiwa kwanza kwa mwaka mzima. Wanjala aliwakubalia wote. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia kaka ndiyo, na shangazi ndiyo, na binamu ndiyo, kisha akaweka simu chini akafumba macho. Nanzala aliichukua ile simu akaizima.

"Sasa umekubali vitu vitatu visivyofuatana," akamwambia. "Utafanya kipi?"

"Walikuwa wamepiga kutoka mbali," akasema.

Tukaenda kliniki. Daktari Auma aliipapasa ile shingo, akamtoa damu. Wanjala hakupenda. Alimuuliza kwa upole damu nyingine ya nini, na ugonjwa umekwisha kujulikana. Daktari akasema safari hii hatafuti mdudu. Anatafuta alama. Nitaieleza kama nilivyoielewa: mwili ukiwa vitani, ini hutoa kitu fulani katika damu, na kadiri vita vinavyokuwa vikali ndivyo kinavyoongezeka. Kwa mtu mzima ni kidogo sana. Kwa Wanjala kilikuwa juu alipokuja mara ya kwanza, dawa za TB zikakishusha, na sasa kimeruka tena ghafla.

"Mzee Wanjala, kambini kwenu kuna soja wa usiku?" daktari akamuuliza.

"Yuko, lakini analala."

"Vizuri. Mwilini mwako pia alikuwa amelala, virusi ndivyo vilimlaza. Wadudu wa TB wakaingia, wakajenga. Hizi dawa mpya zimemwamsha, na ameamka na hasira. Anapiga kila kitu. Anapiga wadudu waliokwisha kufa, anapiga mpaka kuta za nyumba. Hiyo shingo si TB inayokushinda. Ni soja wako."

"Kwa hivyo tumlaze tena?"

"Ukimlaza utakufa. Tumtulize tu."

Alituambia pia kwamba alama ile peke yake haitoshi kusema chanzo, maana hata kidonda kibaya huipandisha. Lakini akiiweka pamoja na homa, na shingo, na wakati dawa zilipoanza, anapata picha. Akamwandikia vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza uvimbe. Dawa nyingine zote ziendelee. Vile vyeupe ameze kila asubuhi akiwa amekula, na asiviache ghafla hata akijisikia vizuri, kwa sababu mwili ukivizoea, kuviacha ghafla ni hatari. Yeye mwenyewe atampunguzia kidogo kidogo. Hakusema usimpe mtu mwingine. Nani angefikiria kusema hivyo?

Vidonge vile vilifanya kazi mpaka tukashangaa. Homa ilikata. Shingo ikarudi kuwa shingo. Njaa ikamshika Wanjala, akawa anamaliza ugali na kuanza kutazama sufuria, na mashavu yake yakajaa yakawa ya duara kama ya mtoto anayenyonya. Daktari alisema mashavu ni ya dawa, tusidhani amenenepa. Alipompima damu tena, alama ilikuwa imeshuka karibu nusu. Akatuonyesha kwenye kompyuta yake mstari ukiteremka, na Wanjala akaufurahia ule mstari kana kwamba ni cheti cha Nekesa.

Sasa lazima nimlete Kituku.

Kituku ni nyapara wetu. Ndiye anayesema nani akate sehemu gani, nani aende kwenye nyaya za kuanikia nyuzi, nani leo hana kazi. Ni Mkamba mwenzangu, mtu wa sauti kubwa na magoti mabovu. Alitembea kwa fimbo, na kila hatua aliitolea mguno ili tusisahau. Si mtu mbaya. Wanjala alipougua, nyapara mwingine angemfuta. Kituku alimweka kwenye nyaya, kazi ya kuanika na kuanua, ambayo hata mtu dhaifu anaiweza akienda polepole. Wanjala hakuusahau wema huo hata siku moja, na nasema kwa uchungu kwamba afadhali angeusahau.

Baada ya muda nikaanza kuona mambo mawili ambayo sikuyaunganisha. La kwanza, Kituku aliacha fimbo. Siku moja nilimwona akivuka mfereji kwa kuruka. Watu wa nyaya wakamtania wakamuuliza kama ameoa mke wa pili, naye akasema wivu hautawafikisha popote. La pili, Wanjala alianza kurudi nyuma. Jioni alitetemeka. Alivaa koti mchana, katika jua la Voi, na kichwa kikaanza tena kuegemea. Asubuhi moja nikamkuta ameketi kwenye rundo la nyuzi akivuta pumzi kwa mdomo, kwa sauti, kama mtu aliyepanda mlima Kasigau bila kupumzika.

Nanzala aliona vilevile, na hasira yake yote aliipeleka kwenye dawa. Alisema daktari amempa vidonge vya mwaka jana. Alisema hakosi kumpa dawa asubuhi pamoja na uji kabla ya kwenda kibandani, anamwekea zote kwenye kisosi, akirudi kisosi ni kitupu. Na kweli kilikuwa kitupu.

Daktari Auma alitoa damu, akatuambia tusubiri. Tulikaa kwenye lile benchi mpaka akatuita, na alipotuita hakuwa anaandika. Alama ilikuwa imepanda kupita hata ile ya siku ya shingo ya kwanza.

"Damu hainiambii kwa nini," akasema. "Inaniambia tu kwamba vita vimerudi, na vimerudi vikubwa. Kwa hiyo ni mambo mawili. Ama vile vidonge vyeupe havimezwi, ama hii TB ni ile sugu na dawa zangu hazifui dafu. Mzee Wanjala, unameza?"

"Ninameza, daktari."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

Alipojibu alikuwa anautazama mzani wa kupimia watoto.

Daktari akamgeukia Nanzala, na Nanzala akaapa kwa jina la binti yake kwamba dawa anaziweka yeye mwenyewe kwenye kisosi. Basi daktari akasema hana njia nyingine. Atachukua makohozi yakapimwe upya kwa TB sugu, na kwa kuwa uvimbe umeanza kuisonga njia ya pumzi hawezi kukaa akingoja majibu. Wiki ijayo Wanjala akija hivi alivyo, atamwandikia kwenda wadi ya Mombasa. Huko atatengwa, ataanzishiwa dawa za TB sugu, kali zaidi, za miezi mingi. Akatuambia wazi kwamba dawa hizo zinaumiza, na kwamba hapendi kumpa mtu asiyezihitaji.

Wanjala akasema asante daktari.

Nilitoka pale nimekasirika bila kujua namkasirikia nani. Njia nzima Nanzala alitembea mbele yetu, na Nanzala akitangulia hivyo ni heri umpishe.

Jioni hiyo alikwenda bombani kuchota maji. Ndulu, mke wa Kituku, alikuwa pale akijisifu mbele ya wanawake wenzake. Alisema mume wake amekuwa kijana upya. Anakula ugali wa watu wawili. Magoti yamepona kabisa, na mashavu, si mmeyaona mashavu, ni ya bwana harusi. Alisema ni maombi. Nanzala aliacha mtungi wake wa pili hapo hapo bombani chini ya maji yanayotiririka, akaja moja kwa moja mlangoni kwangu.

"Shemeji, umemtazama Kituku siku hizi?"

Nikasema nimemtazama kiasi.

"Njoo," akasema.

Wanjala alikuwa kitandani. Nanzala hakupiga kelele. Alichukua kisosi, akakiweka kifuani pa mumewe.

"Vile vyeupe unampa nyapara."

Wanjala akakishika kile kisosi. Kisha akasema havikuwa vyote. Mwanzo alimpa kimoja tu, siku magoti yalipomkaza akashindwa kushuka kwenye trekta. Kikamsaidia. Kesho yake Kituku akaja mwenyewe kwenye nyaya akiomba kingine. Halafu ikawa desturi. Asubuhi Wanjala alimeza dawa za TB na za virusi, vile vyeupe akavifunga kwenye karatasi ya sigara, akampelekea kazini. Wakati huo alijisikia mzima, akaona kwamba yeye ameshapona na mwenzake bado anaumwa.

"Na leo?" Nanzala akauliza. "Leo asubuhi umeshindwa kupanda ngazi tatu za kliniki. Leo pia ulimpelekea?"

"Alikuja kuvichukua mwenyewe."

Nanzala alikaa chini sakafuni. Alianza kusema, na nitakumbuka maneno yale. Alisema amevumilia visu na gambuti na sufuria yake ya harusi ambayo iko nyumba ya mtu asiyemjua. Alisema ameolewa na mfuko uliotoboka. "Daktari amekuuliza mbele yangu, na mimi nimeapa kwa jina la Nekesa. Unataka kwenda Mombasa kufa kwa dawa za ugonjwa usio nao, kwa ajili ya magoti ya Kituku?"

"Si magoti," Wanjala akasema.

"Ni nini basi?"

Ilimchukua muda, kwa pumzi ile. Alisema siku ya kwanza Kituku alipoona vile vidonge alimuuliza ni vya nini. Akamjibu ni vya maumivu. Sasa mtu akikuomba dawa ya maumivu, na una chupa nzima, utamnyimaje? Ukimnyima lazima useme sababu. Ukisema sababu moja atauliza ya pili. TB ataijua, anaijua. Lakini atauliza mbona wengine wenye TB hawapewi hivi, na mwisho wa maswali ni pale pale.

"Na pale pale si mimi peke yangu," akasema. "Na wewe uko hapo, Mama Nekesa. Wewe unauza chakula."

Nilitazama ukuta. Kwa miaka yote hiyo nilidhani ule ulikuwa ni udhaifu wake wa kawaida, na huenda kwenye visu na gambuti ulikuwa hivyo. Hapa alikuwa amefunga mlango, ila aliufunga upande usiofaa.

Nanzala naye hakuwa amelitarajia hilo. Alifuta uso kwa ncha ya leso yake na alipozungumza tena sauti ilikuwa ile ya kibandani. Alisema mboga zake zinaoshwa na kupikwa, na asiyezitaka kuna kibanda kingine ng'ambo ya barabara, tena cha mchicha uliolala. Alisema mumewe asimtumie yeye kama sababu ya kufa. "Akija kesho mwambie. Yako mwambie, na yangu nakuruhusu. Lakini umwambie wewe. Mimi nimechoka kuwa mlango wa nyumba hii."

Nilidhani hatafanya. Nasema ukweli, nililala nikijua kwamba asubuhi atampa.

Kituku alikuja jua likichomoza, akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nje nikiosha uso, na Wanjala alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, uji mkononi, kisosi magotini. Nanzala alikuwa ndani na hakutoka. Kituku alisalimia, akauliza hali ya mgonjwa, na bila kungoja jibu akanyoosha mkono kama mtu anayepokea kitu chake.

Wanjala aliutazama ule mkono. Kisha akavichukua vile vidonge vyeupe, akavitia kinywani, akanywa uji juu yake. Vilimkwama kidogo kwa sababu ya shingo. Akanywa tena.

"Hapana, nyapara," akasema. "Havitoki tena."

Kituku alicheka. Akasema asimfanyie mzaha, magoti yameanza kumuuma toka usiku.

"Si mzaha. Hivi si vya maumivu. Nina virusi, na nina TB. Dawa za virusi zimeuamsha mwili wangu unapigana na TB mpaka nimefura hapa. Hivi ndivyo vinautuliza. Nilipokupa wewe, damu yangu ikaharibika kwenye vipimo, na daktari anataka kunipeleka Mombasa. Nikiendelea kukupa nitakufa. Na mke wangu naye anavyo virusi, ili usije ukasema hukuambiwa."

Nilikuwa na maji usoni na sikuthubutu kujifuta.

Mtu angetegemea neno la huruma. Kituku aliurudisha mkono wake, akautazama pande zote mbili, akauliza, "Kwa hivyo mimi nimepata?"

"Umepata nini?"

"Hivyo virusi. Nimemeza dawa yake."

Nanzala alicheka huko ndani, kicheko kifupi kisicho na furaha. Wanjala akamweleza, kwa pumzi ya kuvuta, kwamba virusi havikai kwenye kidonge. Kituku hakuridhika. Alisema angeambiwa mapema asingevigusa. Alisema mtu mzima hapewi dawa bila kuambiwa ni ya nini. Mtu aliyekuwa akiichukua dawa ya mgonjwa kila asubuhi ndiye sasa aliyedhulumiwa! Nilitamani kusema kitu, lakini kama kawaida yangu nilikuwa bado nakitafuta wakati Wanjala alipoendelea.

Alimwambia jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau. Alimwambia asiache ghafla. Daktari alisema kuacha ghafla ni hatari, kwa hiyo lazima Kituku naye aende akaonekane. Kituku akasema hatakaa kwenye lile benchi, watu watadhani vibaya. Wanjala akasema, "Benchi nimelikalia mimi, halijanila. Utakuja leo, ama niende nikaseme peke yangu kwamba kuna nyapara anayemeza dawa zangu?"

Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote, na sijui kama yeye mwenyewe alijua kwamba anaweza.

Kituku alikuja. Alivaa kofia ya baridi iliyomfunika mpaka nyusi, akakaa mwisho wa benchi akiwa amewapa watu wote mgongo, na kwa sababu hiyo kila aliyepita alimtazama. Daktari Auma aliwaita wote wawili pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasugua macho kwa vidole.

"Nimeagiza vipimo vya TB sugu," akasema. "Nimempigia simu daktari wa Mombasa. Jana nimekaa nikisoma mpaka nikachelewa kumchukua mtoto wangu. Kumbe dawa iko kwenye magoti ya huyu bwana." Kisha akampima Kituku, akamwambia kwamba shinikizo lake la damu liko juu na sukari inapanda, na kwamba yale mashavu anayosifiwa si afya. Akampa utaratibu wake wa kuviacha polepole, kwa vidonge vya kliniki, si vya Wanjala, na akamkemea kwa namna ambayo ningetamani kambi nzima isikie. Wanjala naye alikemewa. Alisema ndiyo daktari kwa kila neno, na safari hii alimaanisha.

Wadi ya Mombasa iliwekwa kando, si kufutwa. Daktari alisema ataamini damu, hataamini mdomo wa mtu tena. Tukarudi wiki iliyofuata, na Nanzala alifunga kibanda ili aje. Homa ilikuwa imepungua na Wanjala alipanda zile ngazi bila kusimama, lakini tulingoja damu iseme. Daktari Auma aliigeuza kompyuta yake tuione. Mstari ulikuwa umeanza kuteremka. Haukuwa umefika popote pa kujivunia, alisema, lakini unaelekea chini. Baadaye na majibu ya makohozi yakaja: TB yake haikuwa sugu.

Kituku alimwambia Ndulu, kama tulivyojua atamwambia, na Ndulu akaimwaga habari bombani pamoja na maji. Kuna wateja waliohamia kile kibanda cha ng'ambo. Baadhi wamerudi, kwa sababu mchicha wa kule kweli hulala. Wengine hawajarudi, na Nanzala akiwaona wakipita na vifurushi vyao huwasalimia kwa sauti kubwa kwa majina yao kamili, jambo ambalo naona linawachosha kuliko tusi. Kituku ana fimbo yake tena. Bado anampa Wanjala kazi ya nyaya, ila hamtazami machoni.

Na Wanjala vidonge vyake anavimeza pale pale kwenye nyaya, saa ya chai, mbele ya watu wote. Mtu akimuuliza ni vya nini, anamwambia. Anamweleza habari ya soja, na ini, na mstari unaoteremka, kwa urefu, mpaka aliyeuliza anaanza kutafuta njia ya kuondoka. Hakuna aliyewahi kuomba.